Miwani ya VR kiwandani: tuanze na kazi gani?

fundi_zamu:
Wakuu salaam. Nasimamia matengenezo kwenye kiwanda cha kujaza chupa. Uongozi umerudi kutoka kwenye maonyesho na wazo la kununua miwani ya VR (unaivaa machoni, unaona dunia ya kompyuta kana kwamba umo ndani yake) ya kufundishia mafundi wapya. Sipingi, ila mpaka sasa nimeonyeshwa nyangumi anayepita juu ya kichwa changu, basi. Mlioitumia kazini kweli, mngeanza na nini?

mama_cheche:
Mkuu, mimi ni mwalimu wa kuchomelea na karakana yetu inayo. Anza na kosa ambalo huwezi kumwachia mwanafunzi alifanye kwenye mtambo halisi. Kwako naona ni kuzima mtambo na kuupiga kufuli usiwashwe kabla ya kuutengeneza. Fundi mgeni anakata umeme, anapiga kufuli, anaona kamaliza. Hewa iliyobaki kwenye mabomba kaisahau. Darasani utamwimbia mpaka koo likauke. Ndani ya miwani mwache aingize mkono, silinda inayosukumwa na hewa hiyo ifyatuke. Hatasahau, na vidole anavyo vyote.

Kwetu faida kubwa ni mkono. Mwanafunzi anashika tochi ileile ya kuchomelea, ila haina moto, na ndani ya kofia anaonyeshwa mwinamo wake, mwendo wake na umbali wake na chuma. Akimaliza tunaurudia mshono wote pamoja, sentimita kwa sentimita. Hatujala chuma wala gesi. Lakini joto halipo, moshi haupo, na cheche hazimwingii shingoni! Nina kijana aliyekuwa akiongoza kwa alama humo. Siku ya moto wa kweli akarusha tochi. Ndiyo maana nawatoa mapema, mkono ukishatulia tu. Anayekuuzia akisema kifaa kinachukua nafasi ya karakana, muage.

mpangaji77:
Naongezea upande usio wa mafunzo. Ford huitumia kukagua gari ambalo halijaanza kuundwa: je, mkono wa mfanyakazi utaifikia bolti ile bila mgongo kupinda? Kuihamisha kwenye mchoro ni dakika chache, kuihamisha mashine zikishafungwa sakafuni ni msiba. Kama mna mpango wa kupanua laini ya uzalishaji, itawafaa hapo. Walmart nayo ilitangaza mwaka 2018 kupeleka miwani 17,000 kwenye maduka yake Marekani kwa mafunzo ya wafanyakazi, kwa hiyo si mchezo wa maonyesho tu.

kichwa_kizito:
Mimi nilitapika. Macho yanasema unatembea, sikio la ndani linasema umesimama, tumbo ndilo linalolipa. Chagueni programu inayomwacha mtu atembee kwa miguu yake, si ya kusogezwa kwa kitufe, na vipindi viwe vifupi. Na sponji za miwani zifutwe jamani, lile ni jasho la zamu nzima.

fundi_zamu:
Nimewapata. Mama Cheche, video ya nyuzi 360, ile ya kutazama pande zote, haitoshi? Ni nafuu kuliko kuchorewa mtambo mzima kwa kompyuta.

mama_cheche:
Kuonyesha njia za kutokea wakati wa moto, inatosha kabisa. Kwa mambo ya kufuli hapana, kwenye video mtu hawezi kugusa wala kukosea. Na nani kakwambia uchorewe mtambo mzima? Chukua kituo kimoja, kile mafundi wenyewe wanachokiogopa, kisha umkalishe fundi wako mkongwe na waandishi wa programu. Wao hawajui valvu ipi hukwama.