Naomba ushauri: Bulldog ya zamani au Grob G 120A kwa mafunzo ya kwanza ya marubani wa jeshi?

Msomi_wa_Anga
Wakuu, habari za jioni. Nina kazi ya chuo ya kulinganisha ndege nyepesi za zamani na za sasa za kufundishia marubani wa jeshi. Nimechagua Kenya kwa kuwa vizazi vyote vimepita pale: Chipmunk jeshi la anga lilipoanza 1964, Bulldog kuanzia 1972, na sasa Grob G 120A. Nimejaza jedwali la mwaka wa kuundwa na kasi, ila naona halisemi kitu. Niangalie nini hasa?

Mabawa_Mawili
Mkuu, futa safu ya mwaka, weka ya kilo kwa kila nguvu moja ya farasi. Bulldog, kwa uzito wa juu wa kuruka, ni kilo 1,066 kwa nguvu 200, yaani 5.3. G 120A ni kilo 1,440 kwa nguvu 260, yaani 5.5. Injini imekua, mwili nao umekua. Ukiandika tu kwamba Grob "ina nguvu zaidi" utakuwa umempotosha msomaji.

Halafu ipeleke ndege Nairobi. Uwanja wa Eastleigh uko futi 5,300 hivi juu ya bahari, na kwa kimo hicho joto la kawaida la vitabuni ni nyuzi 4. Mchana ukifika nyuzi 28 umezidi kwa 24, na kila nyuzi huongeza takriban futi 120. Ndege inaruka kana kwamba iko futi 8,200. Injini ya pistoni isiyosukumiwa hewa hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000: zile 260 zinabaki 196, zile 200 zinabaki 150. Hapo ndipo pa kulinganisha, siyo kwenye kipeperushi cha kiwandani.

Fundi_Ribiti
Naongezea bawa, maana ndilo linaloua ndege ya mafunzo kabla ya injini. Bulldog ni bati na ribiti. Kila mwanafunzi akivuta g 4 au 5 (yaani mzigo mara 4 au 5 ya uzito wa kawaida) kwenye sarakasi, chuma cha bawa kinachoka kidogo, na uchovu huo haufutiki. Ndiyo maana Waingereza walifunga kwenye Bulldog zao kifaa cha kuhesabu mara ngapi kila kiwango cha g kimepitwa. Ukipewa ya mitumba, usiridhike na kitabu cha saa. Saa 3,000 za kwenda moja kwa moja na saa 3,000 za kupinduka ni ndege mbili tofauti kabisa. Omba rekodi za g. Kama hazipo, iache.

Grob ni nyuzi za kaboni: haili kutu, na uchovu inauvumilia vizuri. Tatizo lake ni kujificha. Bati likigongwa linabonyea na utaliona. Kaboni ikiangukiwa na spana, rangi inaweza kubaki safi huku tabaka za ndani zimeachana. Unagonga kwa sarafu, sentimita kwa sentimita: penye uzima inalia kali na fupi, penye kuachana inajibu sauti bubu kama ya kadibodi. Ukiisikia, chora mduara na ndege isiruke. Ukarabati wake unataka chumba cha joto na unyevu uliopimwa. Kwenye bajeti, hicho chumba watu hukisahau kila siku.

Kijiti_cha_Kati
Mfano ambao usiuache: T-3A ya Marekani. Ni Firefly ya Uingereza yenye injini ya nguvu 260, iliyonunuliwa kuchukua nafasi ya T-41, ambayo ni Cessna 172 ya kijeshi. Kwenye chuo chao cha anga Colorado, kwenye zaidi ya futi 6,500, injini zilikuwa zikizimika bila kutarajiwa. Kati ya 1995 na 1997 zilianguka tatu, watu sita wakafa. Zikasimamishwa Julai 1997 na mwishowe zikavunjwavunjwa. Firefly ya nguvu hizohizo iliendelea kufundishia Uingereza hadi karibu 2010. Ndege mpya ijaribiwe kwenye uwanja itakakoishi, mwezi wa joto, ikiwa imebeba watu wawili na mafuta kamili.

Msomi_wa_Anga
Asanteni sana wakuu. Na magurudumu ya kukunja ya Grob: ni faida au mzigo?

Mabawa_Mawili
Angalia ndege inayofuata. Kenya ina Tucano, yenye tabini na magurudumu ya kukunja. Mwanafunzi wa Bulldog, ambayo miguu yake haikunjwi, anafika kwenye Tucano hana mazoea ya kukagua taa tatu za kijani, zinazoonyesha magurudumu yameshuka na kufunga, kabla ya kutua. Wa Grob anayo tangu wiki za mwanzo.

Fundi_Ribiti
Ila gharama uiandike. Swichi ndogo zinazothibitisha mguu umefunga huingia vumbi na tope, taa ya kijani ikakataa kuwaka wakati mguu uko chini. Ndege inazunguka juu ya uwanja, somo la siku limepotea. Zisafishwe na kupimwa ndege ikiwa juu ya jeki, miguu ikikunjwa na kushushwa mara kadhaa, siyo kwa kuangalia tu.