Kikundi cha Familia: Simu ya Dada

*Jumanne*

Mama: Mwanangu nimekupigia mara 3. Unapokea, unasema haloo haloo, mimi naongea hunijibu. Umenuna?

Dada: Shikamoo mama. Sijanuna. Simu imetoka kwa fundi jana, spika ya sikioni imekufa. Nasikia nikiweka spika kubwa tu.

Mama: Marahaba. Nikadhani ni mimi.

Shangazi: Si ulipeleka kubadilisha betri?

Dada: Betri tu, shangazi. Na betri wameweka kweli, chaji inakaa siku nzima. Ila kamera ya mbele ni giza tupu. Halafu nikiongea skrini haizimiki, shavu linabonyeza vitu. Jana nimekata simu ya bosi kwa shavu.

Kitinda: 😂😂 pole lakini

Kaka Mkubwa: Vitu 3 vife siku moja? Wanasemaje?

Dada: Nimerudi leo mchana. Kijana wa mapokezi: "Dada, hii ilikuja hivihivi." Fundi akatoka nyuma akasema itakuwa iliingia maji. Wakataka niwaachie "waicheki".

Shangazi: MAJI! Kesho twende wote, nitaongea mimi. Wasiponielewa wao, mtaa mzima utanielewa.

Kaka Mkubwa: Nipe jina la duka niwaanike mtandaoni sasa hivi.

Binamu Fundi: Shikamooni wakubwa. Kaka, subiri kwanza. Dada, umewaachia?

Dada: Hapana, ninayo.

Binamu Fundi: Afadhali. Usiwaachie. Ikifunguliwa tena wewe haupo, hakuna atakayejua kilichoharibika kiliharibika lini.

Binamu Fundi: Simu kama yako skrini inanyanyuliwa kuanzia chini. Juu bado imeshikwa na flexi, utepe mwembamba kama karatasi. Utepe mmoja ndio umebeba kamera ya mbele, spika ya sikioni na kile kihisi kinachozima skrini ukiweka sikioni. Fundi akifunua kwa pupa kabla hajaichomoa, inachanika. Ulipotaja hivyo 3 tu, nikajua.

Kaka Mkubwa: Kwa hiyo maji ni uongo.

Binamu Fundi: Siwezi kuapa bila kuiona. Dada, chomoa kile kisahani cha laini, mulika tochi ndani ya tundu. Kuna kipande kidogo cha karatasi. Rangi gani?

Dada: Ngoja natafuta pini

Dada: Nimetumia hereni. Ni cheupe.

Binamu Fundi: Kikiguswa na maji kinakuwa chekundu. Kipige picha. Hakimalizi ubishi, maji yanaweza kupitia kwingine, ila sasa mzigo wa kueleza uko kwao. Karatasi waliyokupa wakati unaiacha unayo?

Dada: Ipo. "Tatizo: betri. Skrini: nzima. Kamera: ✓. Sauti: ✓." Nyuma kuna maandishi madogo, "hatuwajibiki kwa uharibifu wowote".

Kitinda: Wameweka vema wenyewe?? Kwenye kamera??

Shangazi: Na hayo ya nyuma ndiyo yanawaponya?

Binamu Fundi: Shangazi, kila duka linaandika hivyo. Nchi nyingi sheria haikubali fundi ajifiche nyuma ya sentensi kama hiyo kwa uzembe wake mwenyewe. Umekabidhiwa kitu cha mtu kizima, kikirudi kibovu wewe ndiye wa kueleza.

Kitinda: SUBIRINI. Dada, jana asubuhi hukutuma picha humu, miwani mipya? "Imekaa?" Saa 1 na dakika 40 asubuhi. Hiyo ni kamera ya mbele!

Mama: Nilikujibu imepinda kushoto.

Dada: Nimeiona!! Duka nimefika saa 3.

Binamu Fundi: Kitinda umeua. Msiifute. Dada, leo hii hamisha picha na namba zako zote, maana ikifunguliwa tena lolote linaweza kutokea. Halafu waandikie. Ukienda kwa mdomo watakujibu kwa mdomo.

Binamu Fundi: Anza na hii: "Habari. Jumatatu nilileta simu kubadilishiwa betri. Fomu yenu ya mapokezi inaonyesha kamera na sauti zilikuwa nzima, na ninayo picha iliyopigwa na kamera ya mbele asubuhi hiyohiyo. Iliporudi, kamera ya mbele, spika ya sikioni na kihisi havifanyi kazi. Naomba muifungue mbele yangu, mtengeneze bila malipo na kunipa kipuri mtakachotoa. Naomba jibu la maandishi kabla ya Ijumaa."

Shangazi: Ongeza "wezi nyie".

Binamu Fundi: Hawajaiba, shangazi 😅

Kaka Mkubwa: Mimi ningedai simu mpya.

Binamu Fundi: Ya miaka 4? Kaka, utadai kilichoharibika, kwa thamani yake ilivyokuwa. Ukidai mpya unawapa sababu ya kukucheka. Na mtandaoni usiandike kitu bado. Wakishaaibika hawana tena cha kuokoa, watakaza shingo.

Kaka Mkubwa: Haya. Naishikilia hadi Ijumaa.

*Alhamisi*

Dada: Nimetoka dukani. Mwenye duka alikuwepo mwenyewe. Nikamwonyesha fomu, nikamwonyesha picha ya miwani. Akaisoma fomu mara 2, akamwita fundi, "fungua hapa mezani".

Shangazi: Enhe!

Dada: Imechanika pembeni, kijimstari kama alama ya kucha. Fundi hakusema kitu. Masikini kijana mdogo tu, mikono ilikuwa inatetemeka. Nilimwonea huruma kwa kweli.

Shangazi: Huruma tena!

Binamu Fundi: Shangazi, hata mimi nimewahi kuchana moja, mwaka wangu wa kwanza. Nililala nayo usiku kucha. Asubuhi nikampigia mwenye simu kabla hajaja, nikamwambia nimekuharibia, nipe siku 2. Alifoka, na bado ni mteja wangu hadi leo. Huyo angesema Jumatatu, habari ingeisha Jumatatu.

Kaka Mkubwa: Wamelipa nini sasa?

Dada: Wameweka flexi nyingine bure, na ufundi wa betri wamenirudishia. Nimekagua kila kitu hapohapo kabla ya kusaini. Ile iliyochanika ninayo kwenye bahasha.

Binamu Fundi: Wameandika kwenye risiti kwamba wamebadilisha, na udhamini wa muda gani?

Dada: Aah. Hapana.

Binamu Fundi: Rudi. Ndiyo, sasa hivi. Ikifa mwezi ujao utaanza upya na "ilikuja hivihivi".

Dada: Nageuza njia 🙄

Dada: Wameandika. Miezi 3. Mhuri juu.

Mama: Nakupigia, pokea.

Mama: Haya nimeongea naye, ananisikia vizuri. Sasa tuma picha nyingine tuone kama hiyo miwani umeinyoosha.