Udi na kinanda kwenye wimbo wa mapenzi wa Kisomali: mbona havipatani?

MpigaUdi_Chumbageni: Wakuu, salaam. Kikundi chetu hapa Tanga ni cha taarab: udi, kinanda, besi na ngoma ya dumbak. Tumeombwa wimbo wa mtindo wa qaraami, yaani nyimbo za mapenzi za Kisomali, kwa ajili ya harusi. Udi na mwimbaji peke yao, ladha ya Kisomali ipo. Kinanda kikiingia tu, inakuwa taarab. Tatizo liko wapi?

Vinanda_Ngamiani: Kwenye kodi, mkuu, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Nyimbo hizo zinatembea kwa sauti tano. Chukua D, F, G, A na C: kodi kamili zinazotoka humo ni mbili tu, D maina na F meja. Mpiga kinanda wa taarab akitaka kurudi D hupitia kodi ya A7, na humo mna C shapu na E, zote za nje. C meja nayo ina E, G meja ina B. Basi kwenye C apige C na G tu, kwenye G apige G na D, ya katikati aiache. Na azime mdundo unaojiendesha wa kinanda, kwa sababu hujaza kodi nzima wenyewe.

Risha: Sahihi kabisa. Kwenye udi, ukikaza nyuzi kwa mpango wa Kiarabu, kuanzia nene C F A D G C, nyuzi wazi tayari zimebeba sauti zote tano. Cha kuepuka ni E na B flati, zisizomo kwenye hizo tano. Vidole vya taarab hukimbilia huko kwenye mapambo. Kinanda kikae oktava moja juu, kijibu mwimbaji anapopumua. Udi na kinanda vikifuata kiimbo kimoja pamoja, tofauti ndogo ya kukaza itasikika. Udi ndio ufuate kinanda. Ukirekodi kwenye kiyoyozi, uache chumbani nusu saa kwanza, maana ubao uliozoea unyevu wa pwani hukauka na nyuzi huhama.

MpigaUdi_Chumbageni: Ahsanteni sana. Maneno tukiyaweka Kiswahili?

Risha: Inawezekana, ila mashairi ya Kisomali hushikana kwa herufi moja ya mwanzo inayorudi mstari hadi mstari. Vina vyetu vya mwisho humfanya mwimbaji atue kila kipande. Mtungaji ashike herufi moja, mfano M, wimbo mzima, na mwimbaji avute sauti kupita mwisho wa mstari. Tena msione mnaazima mbali: Abdullahi Qarshe, aliyeuingiza udi kwenye muziki wa kisasa wa Kisomali, alizaliwa Moshi mwaka 1924.