Kanisa la Gothic bila matao ya nje: kuta zinashikwa na nini?

mwanafunzi_BTP, Lubumbashi
Jambo wakubwa. Saint Patrick ya New York ina madirisha ya ncha, dari ya mbavu iliyopinda kama tao na minara miwili, lakini sioni matao ya nje yanayoegemeza kuta kama ya Notre-Dame ya Paris. Kuta haziangukeje? Na kwa kanisa la tofali hapa kwetu, nitajuaje kama dari inasukuma kuta?

timazi_katuba
Ndugu, pale dari haisukumi sana. James Renwick alichora dari ya mawe na matao ya nje ya kuipokea. Gharama ikawashinda, dari ikawa plasta juu ya fito, imetengenezwa ifanane na jiwe. Uzito ukipungua, msukumo wa pembeni nao unapungua. Vile vinara vya mawe juu ya nguzo za ukuta vimebaki: vingekandamiza nguzo ili msukumo wa tao uteremke kwenye msingi. Mimi naona walichagua vizuri. Kwenye kanisa la Beauvais, Ufaransa, walipandisha dari ya mawe karibu mita 48, na mwaka 1284 sehemu yake ikaporomoka.

yaya_wa_matofali
Tena msilinganishe umri. Notre-Dame ilianza 1163. Saint Patrick ni 1858, ikafunguliwa 1879, minara ikaisha 1888.

Swali la pili: dari nzito ikisukuma, ufa hutokea kileleni mwa tao na kufuata urefu wa kanisa, kuta zikilala nje kwa juu. Teremsha timazi, pima nafasi kati ya kamba na ukuta, juu na chini, kwa kila nguzo. Kisha kwangua lipu mpaka ufikie tofali, ukatize ufa kwa kipande chembamba cha kioo, ukishike kwa jasi ncha zote mbili, andika tarehe. Ukikibandika juu ya lipu utapima lipu tu. Kiache kipitie kiangazi na mvua yote. Ufa unaofunguka na kufunga kwa majira mara nyingi ni udongo wa msingi; huo hupanda kama ngazi kwenye viungo vya tofali. Wa msukumo hupanuka bila kurudi. Usiuzibe kwa simenti kabla ya kujua.

mwanafunzi_BTP
Aksanti yaya. Na kama dari ni mbao tu?

timazi_katuba
Basi kagua boriti ya chini inayofunga miguu miwili ya paa. Ikikatwa, au mchwa wakila ncha zake ndani ya ukuta, paa lenyewe linaanza kusukuma. Choma ncha hizo kwa bisibisi: ikizama kirahisi, egemeza paa kwanza ndipo ubadilishe boriti.