Tupeane uzoefu: uliingia makumbusho, ukatokaje?

Mama Kawempe: Wenzangu, jana nilimpeleka mwanangu makumbusho ya Uganda, pale Kitante, Kampala. Kufika kwenye ngoma na vinanda, machozi yakanilengalenga. Babu yangu alikuwa na akogo, kinanda cha vidole gumba, kama ile, mbao imeng'aa pale vidole gumba vinapogusa. Kumbe bado namlilia. Nanyi?

Mtu wa Arua: Hata mimi. Zile ngoma zina kitu.

Fundi Jinja: Mama yangu mpaka leo haingii. Nyumba ya Mayembe ile, yaani nyumba ya hirizi, jina hilo ni la zamani, tangu ilipoanza Old Kampala 1908. Mle mna hirizi za watu.

Ssalongo: Si hirizi, ndugu! Mle yumo Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda. Mabaki yake yalichukuliwa Uingereza, yakarudi 1962. Chunga ulimi.

Fundi Jinja: Mungu anawekwaje mahali pa kulipa kiingilio?

Ssalongo: Waulize waliomchukua.

Binti Old Kampala: Mnagombana, mimi nimekumbuka handaki la mateso la Amin, ndani ya Lubiri, kasri la mfalme wa Buganda pale Mengo. Mume wa shangazi yangu alichukuliwa 1977 akiwa na kandambili miguuni. Hatukujua alikopelekwa. Mwaka juzi shangazi akasema, nipeleke pale. Kijana anayetembeza wageni akaanza: hapa palijazwa maji, yakatiwa umeme, wa kutoroka afie humo. Nilitamani kumziba mdomo. Shangazi kimya, akavua viatu. Akatazama alama za viganja ukutani, akauliza, "Kibla ni upande gani humu?" Kijana hajui. Mimi sijui, giza tupu. Nikatoka kutafuta jua, nikarudi nikamwonyesha. Akasema, "Basi naye alikuwa hajui." Hakufungua kinywa mpaka nyumbani. Kila Ramadhani alikuwa anamwekea mumewe sahani ya futari. Mwaka huo hakuiweka. Mpaka leo sijui nilimponya au nilimuumiza.

Mama Kawempe: Pole sana dada. Nimeshindwa kuendelea na kazi.

Mtu wa Arua: Mzazi hapelekwi mahali kama pale. Ulikosea.

Ssalongo: Apelekwe, ila aambiwe mapema atakachokiona. Na msiende siku ya mabasi ya shule.

Fundi Jinja: Na ale kwanza. Mama yangu angezimia.

Binti Old Kampala: Mtu wa Arua, umechelewa. Anataka turudi Ijumaa. Mswala ameshaufua, uko kwenye kamba.

Mama Kawempe: Saa ngapi? Nije niwasindikize.