Unywele mmoja wa shaba umeniulia amplifaya, halafu eti mzembe ni mimi

Wakuu, mniwie radhi kwa lugha nitakayotumia. Naandika uzi huu nikiwa na hasira na sitaki kusubiri ipoe, maana ikipoa nitaishia kusema yaliyopita si ndwele, na hawa jamaa wataendelea kuua vyombo vya watu.

Nimedunduliza muda mrefu nikapata amplifaya ya nyumbani, mpya kwenye boksi, na spika mbili ndefu za omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme). Muuzaji akaniambia waya na fundi wa kufunga vimo humo humo kwenye bei. Nikashukuru kama mjinga.

Fundi kaja jioni. Mkononi bisibisi na kisu, basi. Mita ya kupimia umeme hana. Waya akaichuna kwa meno. Narudia, kwa meno, kisu kipo mfukoni! Akaacha sehemu ya wazi ndefu kama kidole, wakati kinachotakiwa ni kama milimita 10 tu, nyuzi ziingie kwenye tundu la kishikio (kile cha kubania waya mgongoni mwa amplifaya, chekundu cha chanya na cheusi cha hasi) ziishie humo humo. Akazisokota kidogo kwa vidole, akainama nyuma ya kabati na simu mdomoni ikimmulikia, akakaza chekundu, akakaza cheusi, akainuka anajifuta jasho: "Tayari bosi, piga muziki."

Tukawasha. Baada ya sekunde chache ile relei ya ndani, swichi inayounga na kukata spika, ikalia tak, muziki ukaingia. Nikapandisha sauti, hata robo sijafika, tak nyingine, kimya. Taa ya ulinzi inapepesa.

Hapa ndipo ninapoumia kila nikikumbuka. Ile taa haiwaki kwa urembo. Amplifaya ilikuwa inasema kuna shoti huko nyuma, zima, kaangalie. Fundi akasema, "Zikiwa mpya huwa zinasumbua mwanzo, zitazoea." Zitazoea nini? Akachomoa kwenye umeme, akachomeka, akapandisha sauti tena. Ikakata. Akarudia. Ikakata. Mara ya nne haikukata. Ulitoka mlio mdogo kama mtu kavunja kijiti, halafu harufu, ile harufu ambayo ukishainusa mara moja huisahau. Tangu hapo taa ya ulinzi inawaka moja kwa moja na relei haiingii tena.

Nikaipeleka kwa wenye waranti. Siku ya tano wananiita kaunta. Kijana wa pale hata hakunieleza mengi, akageuza amplifaya mgongo, akaleta taa, akachukua kibano na kunionesha uzi mmoja wa waya, mwembamba kama unywele, umechomoza kwenye kishikio chekundu na kuegemea chuma cha cheusi. Wakati wa kuitoa amplifaya, fundi alikuwa amekata waya kwa kisu akaacha mabaki yake yameng'ang'ania pale pale. Spika zikitikisa kabati, uzi unagusa. Umeme uliopaswa kupita kwenye omu 8 za spika unapita njia ya mkato isiyo na kizuizi chochote, na transista za kutolea sauti, vipande vinavyosukuma umeme kwenda kwenye spika, zinabeba mzigo wote. Zimekufa pea nzima upande wa kushoto.

"Uzembe wa mtumiaji," kaandika kwenye fomu. Mtumiaji! Mimi kazi yangu siku ile ilikuwa kushika tochi ya pili.

Nikarudi kwa muuzaji. Muuzaji anasema yeye anauza, hafungi. Namwambia fundi ulimtuma wewe. Anasema fundi ni mtu wa kujitegemea. Fundi anasema amplifaya ilikuja na ubovu wake. Kwa hiyo wote watatu wako sawa, mwenye kosa ni mimi niliyelipa.

Si hilo tu. Kwa kuwa spika zilipona (relei ilifanya kazi yake, la sivyo koili zingeungua pia), nikaanza kukagua kazi yote ya yule bwana. Nilichukua betri ya kawaida ya volti 1.5 nikaigusisha kwenye ncha za waya upande wa amplifaya, ule wenye mstari kwenye chanya, mwingine kwenye hasi. Spika ya kulia koni ikaruka mbele, kama inavyotakiwa. Ya kushoto ikarudi ndani. Alikuwa amegeuza! Ndiyo maana dakika zile chache muziki ulivyopiga besi ilikuwa nyepesi kama ya redio ya mkononi, na sauti ya mwimbaji haikai katikati, inaelea elea tu ukutani. Spika moja inasukuma hewa huku mwenzake anaivuta, besi zinauana. Na yeye alijibu nini nilipomuuliza? "Ongeza kitufe cha besi, bosi." Waya ina mstari mwekundu ubavuni, mwanzo hadi mwisho, imewekewa ili hata mtoto asikosee.

Halafu waya yenyewe. Ina ganda la plastiki angavu, ndani inang'aa rangi ya shaba, unaiona unaipenda. Nikakwangua nyuzi zake kwa wembe. Nyeupe! Ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwa hiyo hata kichwa cha uzi huu kina uongo ndani yake, mniwie radhi, nakiacha hivyo hivyo. Alumini ile ukiikunja mara mbili tatu nyuzi zinakatika, ndiyo maana kulikuwa na vinywele vya kutangatanga. Na kwa unene ule ule inazuia umeme zaidi ya shaba, karibu mara moja na nusu. Spika yangu ya mbali iko mita 10 kutoka kwenye amplifaya, kwenda na kurudi ni mita 20 za waya, na hii waliyonipa haizidi milimita za mraba 0.5. Ingekuwa shaba halisi ingekula kama omu 0.7, hii inafika omu 1 hivi. Mbele ya spika ya omu 8 hiyo si hesabu ndogo. Shaba ya milimita za mraba 2.5 isingefika hata omu 0.15. Waya ya kawaida kabisa, haihitaji dhahabu wala maneno mengi.

Nina ugomvi na watengenezaji pia. Vishikio vinne mgongoni, vimebanana sentimita mbili mbili, vya chuma kitupu, na kitabu cha maelekezo chenye lugha ishirini na kitu kina mchoro mmoja wa kuunga spika, mdogo kama kucha. Nyuma ya kila kishikio kuna tundu la kuchomekea plagi za banana, zile pini za milimita 4 ambazo zingemaliza hadithi yote hii kwa sababu uzi hauna pa kuchomoza. Lakini matundu yamezibwa kwa vifuniko vya plastiki. Nimeshajua kwa nini: plagi za umeme za Ulaya zina pini mbili za duara za milimita 4 zilizoachana milimita 19, kwa hiyo mtu anaweza kuchomeka waya wa spika kwenye soketi ya ukutani. Sawa, wanalinda roho za watu. Ila andikeni basi mahali kwamba vile vifuniko vinang'oka! Fundi aliviona akadhani ndiyo mwisho wa kishikio.

Naongezea baada ya kusoma majibu yenu.

Mkuu uliyesema "ungepima kwa mita", ni kweli, na ndicho kinachoniuma. Amplifaya ikiwa imezimwa na kuchomolewa, unaweka mita kwenye chekundu na cheusi. Spika ya omu 8 itasoma 6 hivi. Ikisoma karibu na sifuri kuna shoti, usiwashe. Nusu dakika.

Unayeniambia nipake risasi ya kulehemu kwenye ncha za waya nyuzi zishikamane: hapana, chini ya skrubu risasi inalegea taratibu na baada ya muda kishikio hakishiki. Banana au kufunga vizuri, basi.

Na wewe uliyesema nichukue amplifaya yangu niache kelele, bado iko kaunta kwao. Nimekataa kusaini ile fomu. Nimewaambia wafute neno "mtumiaji" waandike "fundi aliyetumwa na muuzaji", ndipo nisaini. Kesho narudi tena, na ule uzi nimewaomba wauweke kwenye bahasha.