Bendi ya dansi ipange vipi nyimbo inapopiga ukumbi uleule kila wiki?

Mpiga Besi, Morogoro: Ndugu zangu, habari za kazi. Bendi yetu hupiga kila Jumamosi katika ukumbi mmoja, kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane, na kwa kuwa wateja ni walewale, wameshakariri wimbo gani utafuata upi. Nikipangua orodha yote, wapenzi wa zilipendwa hununa. Wenzangu mnafanyaje?

Solo la Ilala: Ndugu, usipangue orodha nzima. Saa ya kwanza, watu wakiwa bado wanatafuta meza na kuagiza vinywaji, ndiyo ya kujaribia wimbo mpya na kumpa mwimbaji chipukizi kipaza sauti, kwa sababu hata mkiteleza hakuna aliyekwisha simama kucheza. Zilipendwa zisiguswe: mtu anayekwenda kuwasikiliza Msondo Ngoma, bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, hatakubali kurudi nyumbani bila kusikia nyimbo alizokua nazo. Kinachobadilika ni urefu. Wimbo wa dansi huanza na mashairi ya utulivu, kisha huingia sebene, yaani sehemu ya kasi ya magitaa ya kuchezea, na sebene hiyo haipimwi kwenye karatasi. Wimbo wa dakika sita saa nne unaweza kufika robo saa ifikapo saa saba, ikiwa kiongozi anatazama wachezaji badala ya kutazama saa, na mpiga drams anazijua ishara zake.

Fidla ya Unguja: Assalamu alaykum. Sisi wa taarabu asilia tunafungua kwa bashrafu, muziki mtupu usio na mwimbaji, ili masikio yatulie. Baada ya hapo, anayetawala mpangilio kwa kiasi kikubwa ni mpiga ganuni, chombo cha nyuzi nyingi: ukitoka wimbo wa bayati ukaingia wa rasti, ambazo ni maqamu (mipangilio ya sauti) tofauti, lazima apate nafasi ya kurekebisha sauti za nyuzi zake, kwa hiyo nyimbo za maqamu moja huwekwa jirani, au mpiga udi hujaza pengo kwa taksimu, yaani kupiga peke yake kwa kubuni papo hapo. Harusini pangeni nyimbo chache kuliko mnavyodhani, kwani akina mama wakianza kumtunza mwimbaji fedha, ubeti mmoja hurudiwa mpaka foleni yao iishe.

Mwimbaji wa Tanga: Naongeza la koo, ambalo wapiga vyombo hulisahau (samahani, ndugu zangu). Msimpe mwimbaji mmoja nyimbo tatu za sauti ya juu mfululizo. Katikati awekwe mwenzake, au upigwe wimbo wenye kiitikio cha watu wengi.

Mpiga Besi, Morogoro: Nawashukuru sana. Na mteja anayeleta kikaratasi chenye fedha akitaka wimbo wake upigwe papo hapo?

Solo la Ilala: Pokeeni, lakini uchomekwe baada ya wimbo unaolingana nao kwa mwendo. Rumba ya polepole ikiingizwa ghafla katikati ya sebene tatu kali, mmoja atafurahi na wengine wote watarudi kwenye viti.